Neno moja, maradhi mengi: kisa cha kipeperushi cha «tauni ya mbuzi» mkoani Arusha

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachosimuliwa hapa kilitokea mkoani Arusha, na mimi ndiye niliyekuwa mhariri wa tafsiri iliyokizua. Nimekiandika kwa ajili ya wafasiri, wahariri na watu wa mashirika wanaoagiza tafsiri, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa la neno moja tu, tena neno ambalo kila mmoja wetu aliamini kwamba analijua. Majina ya watu, ya ofisi yetu, ya shirika lililotupa kazi na ya vijiji yameondolewa, na baadhi ya mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Maneno ya watu wa mnadani nimeyaandika kama nilivyosimuliwa na afisa mifugo aliyekuwapo, na baadaye na wenyewe nilipokwenda kuonana nao.

Mazingira ya kazi

Shirika moja linalofanya kazi na wafugaji lilikuwa likijiandaa, kwa kushirikiana na ofisi ya mifugo ya wilaya, kuendesha kampeni ya kuchanja mbuzi na kondoo dhidi ya ugonjwa ambao wataalamu wetu wa mifugo wanauita sotoka ya mbuzi na kondoo. Ugonjwa huu unaletwa na kirusi kilicho ukoo mmoja na kirusi cha surua. Ulielezwa kwa mara ya kwanza Afrika Magharibi mwaka 1942, na hapa Tanzania ulithibitishwa mwaka 2008 wilayani Ngorongoro, yaani ndani ya mkoa wetu huu huu. Mbuzi aliyeupata hupandwa na homa, hutokwa na makamasi mazito na tongotongo, fizi na midomo huota vidonda, kisha huharisha na kuhema kwa shida, na katika zizi ambalo halijawahi kuguswa unaweza kumaliza sehemu kubwa ya wanyama ndani ya siku chache. Chanjo yake ni nzuri, kwani dozi moja humkinga mnyama kwa miaka mitatu au zaidi. Ugonjwa huu haumpati binadamu. Sentensi hiyo fupi ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza katika kipeperushi chetu, nayo haikuwamo kabisa, kwa sababu aliyeandika asilia kwa Kiingereza hakuona kwamba kuna mtu angeweza kudhani vinginevyo.

Tulipewa nyaraka tatu kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa kipeperushi hicho, karatasi moja pande mbili, cha kugawa mnadani. Ya pili ilikuwa matini ya kipindi kifupi cha redio kuhusu historia ya magonjwa ya mifugo kaskazini mwa nchi. Ya tatu ilikuwa taarifa ya mradi iliyokuwa imeandikwa kwa wafadhili na sasa ilitakiwa kwa Kiswahili kwa ajili ya halmashauri, ikizungumzia ukame, nzige na umaskini. Katika zote tatu lilijitokeza neno la Kiingereza «plague», na baadaye, nilipokaa kuhesabu, nilikuta limetumika mara 14.

Mfasiri aliyepewa kazi ni kijana makini, mwenye Kiswahili safi na kawaida ya kurudia kazi yake mara mbili kabla ya kuikabidhi. Amezaliwa na kukulia mjini na hajawahi kufuga hata kuku. Mimi mwenyewe nimehariri tafsiri kwa miaka mingi, lakini zaidi ni mikataba, miongozo ya watalii na nyaraka za shule. Kazi ililetwa Jumatatu, kiwanda cha uchapaji kiliitaka Alhamisi asubuhi, na mnada ulikuwa Jumamosi.

Mambo yalivyofuatana

Jumatatu jioni mfasiri alianza, kama alivyofundishwa, kwa kutengeneza orodha ya istilahi. Ofisini kwetu tulikuwa na kanuni ya istilahi moja, tafsiri moja: ukishachagua neno la Kiswahili kwa neno fulani la Kiingereza, hulibadilishi mpaka mwisho wa kazi, ili msomaji asidhani kwamba maneno mawili ni mambo mawili. Kwenye mikataba kanuni hii imetuokoa mara nyingi. Programu tunayotumia kutafsiria huitekeleza yenyewe, kwani ikishapewa jozi ya maneno huipendekeza kila mahali neno linapotokea. Mfasiri alifungua kamusi, akakuta «tauni» imetajwa mwanzoni, akaiingiza. Mahali pote 14 pakajazwa.

Kulikuwa na mtego mwingine, na huo tuliuona. Jina rasmi la ugonjwa limeandikwa kwa Kifaransa hata ndani ya nyaraka za Kiingereza, «peste des petits ruminants», na neno hilo la kwanza linafanana na «pest», neno la Kiingereza linalotumika kwa wadudu waharibifu. Rasimu ya kwanza ikaja na «wadudu waharibifu wa wanyama wadogo wanaocheua». Nilipoiona Jumatano nilijua mara moja kwamba si sawa, nikaikata, na mahali pake nikaweka jina la mkato ambalo kipeperushi chenyewe kililitumia kwenye kichwa, lile la «plague» ya mbuzi. Nilifuta wadudu, nikaacha tauni. Ninaamini kwamba kulinasa kosa lile la kwanza ndiko kulikonifanya nisilione la pili, kwa sababu niliona nimeshatimiza kazi yangu ya kuwa macho. Siku hiyo iliyobaki nilisahihisha upatanisho wa kisarufi na alama za uakifishaji.

Mratibu wa shirika, aliyekuwa safarini vijijini, alisomewa maneno ya kichwa kwa simu, mawimbi yakikatika, akasema sawa. Kipeperushi kilichapwa kikiwa na picha ya mbuzi anayetokwa na makamasi, na juu yake, kwa herufi kubwa nyekundu: JIKINGE NA TAUNI YA MBUZI. LETA MIFUGO YAKO ICHANJWE.

Jumamosi vipeperushi viligawiwa mnadani kuanzia saa tatu asubuhi. Yaliyotokea kati ya hapo na saa sita nimeyapata kwa watu wanne tofauti, na wote wanakubaliana kwamba yalianzia kwenye kivuli cha mti ambapo wachuuzi hupumzika. Mzee mmoja, ambaye macho yake hayasomi tena maandishi, alimpa karatasi mjukuu wake wa darasa la sita amsomee. Mtoto akasoma kichwa.

«Soma tena hapo juu.»

«Jikinge na tauni ya mbuzi.»

«Tauni ni ya watu,» mzee akasema. «Hii ya mbuzi imetoka wapi?»

Mchuuzi aliyeketi karibu nao alikuwa mwenyeji wa upande wa Mbulu, mwendo wa saa chache tu kutoka Arusha, ambako tauni ya kweli ilizuka mwaka 2007. Yeye hakuhitaji kuelezwa neno hilo lina maana gani. Alieleza habari za panya wanaokufa ndani ya nyumba kabla ya watu, viroboto, mitoki kwenye kinena na makwapani, na jinsi maafisa wa afya walivyopita nyumba kwa nyumba. Alisema kwamba kama viroboto wale wamehamia kwenye mbuzi, basi hakuna boma litakalosalia. Hakusema uongo wowote. Alikuwa ameamini kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa na nembo ya halmashauri.

Kufikia saa sita wanunuzi wa nyama waliotoka mjini walikuwa wameondoka. Mama anayeuza supu ya mbuzi pembeni ya mnada alirudisha sufuria nyumbani ikiwa karibu kujaa. Mfugaji mmoja aliyekuja na mbuzi watatu aliwauza kwa bei ya kutupa kwa mtu ambaye, naambiwa, hakuwa na hofu hata kidogo. Katika zahanati ya jirani, mama mmoja alimfikisha mtoto mwenye matezi yaliyovimba chini ya taya, akiwa na kipeperushi mkononi. Muuguzi alimtenga mtoto katika chumba cha peke yake na kupiga simu wilayani, na alifanya jambo lililo sahihi kabisa, kwa kuwa tauni ya mapafu ni miongoni mwa magonjwa machache ambayo Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinayataja kwa jina, na mhudumu anayelisikia hana ruhusa ya kulipuuza.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

Saa saba kasoro mratibu alinipigia. Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi: ugawaji usimame na makaratasi yaliyobaki yarudishwe kwenye gari. Uamuzi wa pili, wa nani aseme na aseme nini, ndio uliotugharimu dakika nyingi. Mimi nilitaka itangazwe kwenye spika ya mnada kwamba kumekuwa na kosa la tafsiri, na nilikuwa nimeshaanza kuandika sentensi za kueleza. Afisa mifugo alinisikiliza, kisha akanijibu kwa upole ambao bado naukumbuka: «Mwalimu, watu hapa wanataka kujua nyama waile au wasiile. Hayo ya kamusi tutayaongea ofisini.»

Alichukua spika mwenyewe, akasema kwa Kiswahili kisha kwa Kimaasai. Alianza na kwamba ugonjwa huu ni wa mbuzi na kondoo peke yao na haumpati mtu. Akaendelea kwamba nyama iliyokaguliwa machinjioni iliwe kama kawaida, na mnyama aliyekufa mwenyewe azikwe, kama ilivyokuwa siku zote. Neno tauni alilitaja mara moja tu, mwishoni, kusema kwamba liliandikwa kimakosa. Baadaye aliniambia alifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa ukianza na «hakuna tauni», aliyeko mbali na spika anasikia neno la mwisho tu.

Wakati huo huo mratibu alizungumza na muuguzi. Kipindi cha redio, kilichokuwa kimesharekodiwa kwa ajili ya Jumatatu, kilizuiwa.

Jumapili mchana tulikutana watu watano kuamua jina. Mratibu alipendekeza herufi tatu za mwanzo za lile jina la Kifaransa, PPR, kwa sababu ndizo zinazotumiwa katika semina. Tulizikataa, kwani mfugaji hawezi kumweleza jirani yake ugonjwa kwa herufi. Mfasiri, ambaye usiku kucha alikuwa amesoma kila alichokipata, alipendekeza «sotoka» peke yake. Hapo afisa mifugo alikataa kwa nguvu, na sababu yake hakuna aliyekuwa ameifikiria. Sotoka peke yake ni ule ugonjwa wa ng'ombe uliofagia mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, ambao wazee wa Kimaasai wanauita olodua, na ambao mwaka 2011 ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani, ukiwa ugonjwa wa pili katika historia kumalizwa namna hiyo baada ya ndui. Kuandika kwenye karatasi ya serikali kwamba sotoka ipo ni kutangaza kwamba maiti amefufuka. Tungekuwa tumetoka kwenye hofu ya watu na kuingia kwenye hofu ya ng'ombe.

Tukaafikiana kwamba jina liandikwe kwa ukamilifu wake kila mara, sotoka ya mbuzi na kondoo, bila kufupishwa hata pale linapochosha, na kwamba mstari wa kwanza chini ya kichwa useme ugonjwa huu hauambukizi binadamu. Kichwa nacho kikabadilika kutoka JIKINGE kuwa KINGA MBUZI NA KONDOO WAKO.

Matokeo

Mtoto wa zahanati alikuwa na maambukizi ya koo na alipona. Kipeperushi kipya kilitoka Jumatano iliyofuata. Kampeni ya chanjo ilianza siku iliyopangwa, lakini katika kijiji kilicho karibu na mnada waliojitokeza siku ya kwanza walikuwa wachache, na afisa mifugo alilazimika kukaa na viongozi wa kimila jioni nzima kabla ya maboma kuanza kuleta mifugo. Waliosita, alivyotueleza, hawakuogopa ugonjwa. Waliogopa sindano, kwa hoja kwamba watu wasiojua jina la ugonjwa hawawezi kuwa na uhakika na dawa yake. Kwangu mimi hilo lilikuwa zito kuliko sufuria ya supu na bei za mnada, kwa sababu supu hupikwa tena.

Uchambuzi

Katika mahali 14 neno lile lilipotokea, hakuna hata mahali pamoja palipohusu tauni. Hilo ndilo nililogundua nilipoketi na nyaraka zote tatu, na ndilo linalonifanya nikatae maelezo mepesi kwamba mfasiri alikosea neno. Alichagua tafsiri halali ya neno, nasi tukaithibitisha, kwa maana moja pekee ambayo haikuwamo katika kazi.

Neno la Kiingereza lilitoka kwenye Kilatini, ambako lilimaanisha pigo au jeraha. Kwa Waingereza wa kale, balaa lolote lililoangukia watu wengi lilikuwa pigo kutoka juu, liwe ugonjwa, nzige au mvua ya mawe. Kisha ule ugonjwa ulioua watu wengi mno Ulaya kati ya 1347 na 1351 ukawa unarudi tena na tena kwa karne kadhaa, na neno la jumla likajikunja na kushikamana na maradhi hayo. Lakini halikuacha maana zake za kwanza. Mpaka leo yote yanaishi pamoja, na Mwingereza huyatenganisha kwa vijineno vidogo vinavyotangulia nomino: kimoja («the») kikiwekwa, ni ule ugonjwa ambao bakteria wake Alexandre Yersin aliwatambua Hong Kong mwaka 1894, kingine («a») kikiwekwa, ni balaa tu. Kiswahili hakina vijineno hivyo. Sisi hutofautisha kwa kubadili neno lenyewe, na ndiyo maana kanuni ya istilahi moja, tafsiri moja, ambayo haina madhara pale lugha mbili zinapokata maana mahali pamoja, hapa iligeuka kuwa mashine ya kuzalisha makosa.

Nilifurahi, hata katikati ya fadhaa ile, kuona Kiswahili kina njia yake iliyo karibu sana na Kilatini. Katika Biblia, yaliyoipata Misri ni mapigo, na mpaka leo msiba mzito katika familia tunauita pigo. Tauni nayo tuliipokea kutoka Kiarabu, ambako shina lake ni la kuchoma kwa mkuki. Hivyo kihistoria maneno yote mawili ni ya kupigwa. Tofauti ni kwamba kwetu pigo lilibaki na ujumla wake, na tauni ikaenda kuwa jina la ugonjwa.

Mfasiri alinipa hoja moja ambayo siwezi kuipita bila kuijibu, kwa kuwa ni nzuri. Alisema kwamba katika Kutoka sura ya 9, Biblia ya Kiswahili inaliita tauni lile pigo lililoua mifugo ya Wamisri, na kwamba Zaburi ya 91 inazungumzia tauni ipitayo gizani bila kukusudia ugonjwa mmoja. Ni kweli. Katika Kiswahili cha Maandiko tauni ni gonjwa lolote linalofyeka, na mtu aliyekulia kanisani ana haki ya kulisikia hivyo. Lakini zahanati nazo zina Kiswahili chao. Huko Lushoto, ambako kati ya 1980 na 2004 walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 7,000, na huko Mbulu, neno hilo lina sura, lina panya, lina dawa ya kunyunyiza na lina makaburi. Neno likishapata makaburi karibu na msomaji, maana yake ya kimaandiko haimfikii kwanza. Mzee wa mnadani aliisema isimu yote hiyo kwa maneno manne.

Sasa niseme jinsi mahali pengine palivyopaswa kushughulikiwa. Matano yalikuwa kwenye kipeperushi, na hayo nimeshayaeleza. Matatu yalikuwa kwenye matini ya redio yakihusu ng'ombe wa miaka ya 1890, na hapo «sotoka» peke yake ndiyo sahihi, kwa sababu ni historia. Moja lilikuwa la Misri: mapigo. Jingine lilikuwa jina la kale la Kiingereza kwa ugonjwa wa kuku, ambalo rasimu yetu ililiita «tauni ya kuku», nalo kwa hakika ni mafua ya ndege. Hili lingeruka hewani Jumatatu na naogopa kulifikiria, kwa sababu mfugaji wa kuku angelichukua kuwa ni kideri, anachokijua, au angeliona kuwa ni jambo jipya la kutisha, na katika hali zote mbili angekuwa amepotoshwa na sauti ya redio anayoiamini.

Taarifa ya mradi ilikuwa na manne yaliyobaki. Mawili yalikuwa kitenzi, kusema kwamba wafugaji wamekuwa katika hali fulani kwa sababu ya ukame. Rasimu iliandika kwamba wafugaji «wamepigwa na tauni ya ukame». Kiswahili kina kitenzi kilichotayari kwa kazi hii, nacho ni kuandama: wafugaji wameandamwa na ukame, kama mtu anavyoandamwa na madeni au na mikosi. Kuandama kuna jambo ambalo hata Kiingereza hakina, lile la kufuatwa nyuma hatua kwa hatua, na mtu aliyeona ng'ombe wakihamishwa kutoka kisima hadi kisima anajua kwa nini ndilo neno lenyewe. La umaskini tuliliweka kuwa «adui umaskini», kama watu wa halmashauri wanavyosema wenyewe tangu tulipofundishwa kuwataja maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. (Na kwa kuwa nimefika hapa: Mwingereza husema pia kwamba anamkwepa mtu kama anavyokwepa tauni. Sisi humwogopa mtu kama ukoma. Kila watu na ugonjwa uliowatisha.)

La nzige ndilo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote. Taarifa ilikuwa ikizungumzia nzige wa jangwani waliovamia Afrika Mashariki mwaka 2020 na 2021. Neno letu la kawaida, baa la nzige, linakaa vizuri masikioni, na kama baa la njaa linaeleweka na kila mtu. Tatizo ni kwamba wataalamu wa nzige wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa wana ngazi zao: nzige wakianza kuongezeka sehemu chache ni mlipuko, wakiongezeka katika ukanda mzima ni ngazi ya pili, na wakifika maeneo makubwa ya bara kwa mwaka mmoja au zaidi ndipo huitwa kwa neno lile zito la Kiingereza. Uvamizi wa 2020 waliuweka katika ngazi ya pili, na baa la mwisho kwa maana yao lilikuwa la mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwandishi wa taarifa alikuwa amelitumia neno kwa mazoea. Tuliandika «uvamizi wa nzige», tukamwarifu kwa nini. Ninatambua kwamba mfugaji wa Longido aliyeliona wingu lile hatakubali kuambiwa kwamba halikuwa baa, na katika kipindi cha redio ningemwachia neno lake bila kusita. Kwenye taarifa inayokwenda kukaa katika kabati la halmashauri, nadhani uvamizi ndio uaminifu.

Nikitazama kazi yenyewe mbali na maneno, kilichosaidia ni kwamba mwenye utaalamu alisimama mbele ya watu ndani ya saa chache, akasema kwanza walilohitaji, katika lugha zao mbili. Pia ilisaidia kwamba hakuna aliyemtwisha mfasiri mzigo. Mratibu alikuwa na hasira ya haki, lakini kwenye kikao cha Jumapili alimuuliza «tulifikaje hapa» badala ya kumuuliza «kwa nini ulifanya hivi», na kwa sababu hiyo mfasiri alituonyesha mwenyewe ile «tauni ya kuku» kwenye redio, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa ameiona.

Kilichoshindikana kilianza kabla ya Jumatatu. Jina la ugonjwa kwa Kiswahili lilikuwapo tayari, linatumiwa kila siku na maafisa ugani, limeandikwa kwenye mabango ya chanjo, na ofisi ya mifugo iko mwendo wa dakika chache kutoka ofisini kwetu. Hatukuuliza. Tulilitafuta neno kwenye kamusi, mahali ambapo maneno huhifadhiwa, na hatukulitafuta kwa watu wanaolitumia. Pia hatukumpa kipeperushi mtu hata mmoja wa wale walioandikiwa akakisoma kwa sauti, jambo ambalo lingechukua dakika tano na ambalo mzee yule na mjukuu wake walilifanya bure, wakiwa wamechelewa siku mbili tu. Kuhusu «jikinge», kosa lilikuwa langu peke yangu. Mfasiri aliandika «kinga dhidi ya», nami nikaona ni nzito, nikaibadilisha ili isikike vizuri. Kiambishi kile kimoja kilimhamisha mgonjwa kutoka zizini hadi kitandani.

Kanuni yetu tumeibadilisha. Orodha ya istilahi sasa ina safu ya ziada ambamo mfasiri huandika, kwa kila neno, ni nani anayepatwa: mtu, ng'ombe, mbuzi, kuku, shamba au nchi. Neno likiwa na majibu mawili tofauti, programu inazuiwa kulijaza yenyewe.

Yaliyobaki

Mama wa supu alikubali kulipwa. Yule mfugaji aliyeuza mbuzi watatu nilimpata mnada wa tatu baada ya ule. Shirika halikuwa na fungu la fidia, hivyo ofisi yetu ilimlipa tofauti ya bei ya mbuzi wawili, akahesabu pesa, akashukuru. Wa tatu alikuwa jike lenye mimba. Nilipomuuliza bei yake alisema hawezi kunitajia, kwa sababu huyo hakumleta mnadani kuuzwa, alimfuata tu mwenzake.